Mugeni wa Maji

Sikilizeni, bana bangu, karibieni kitanda, juu sauti yangu inapungua na sitarudilia neno. Mwansa, weye mukubwa, funga mulango. Clotilde, acha kulia kwanza, utalia kisha.

Nyumba ya hapa mujini, mu komine ya Kenya, iko yenu babili, musiigawanye na ukuta. Kamera na chumba ya giza ni ya Clotilde, juu njo yeye anajua kusafisha foto. Shamba ya mama yenu kule Kundelungu ni ya Mwansa, siku barabara itafunguka, kama itafunguka.

Sasa neno kubwa. Mama yenu alilala mu hii lupitalo akiangalia ukuta mutupu, na miye sikukuwa na dawa ya kumupa, nikamuletea foto ya maporomoko ya kwao Kundelungu, kubwa sawa mulango. Dawa haikupatikana. Alikufa akiangalia maji. Kisha bagonjwa bengine bakaniomba, nikaendelea kutundika: miti ya pori yenye majani mapya mekundu, ndege ya muto Lufira, ukungu ya asubuhi. Niseme kweli, haikuponyesha muntu hata mumoja. Ilibapa tu mahali pa kutia macho.

Na ile maji iko na benyewe, mizimu ya pale. Munajua desturi: muntu akifika pale mara ya kwanza anapiga magoti, anapiga makofi polepole, anaomba njia, na kuanzia hapo ni mugeni wa maji, hakuna wa kumugusa. Hapa ndani bagonjwa balipigia hata foto makofi. Babikira, bale masista banaotutunza, balicheka, kisha bakazoea.

Ndipo Zéphirin akaletwa toka kambi ya bakimbizi, ule fundi cherehani wa Kasai, jirani yetu wa zamani, mbele kabila zetu zipigane, mwili yote imeisha. Akaona bengine banavyofanya, naye akapiga makofi. Jana weye Mwansa ukaitoa ile foto ya maporomoko ukutani, ukasema maji yetu haimujui, na mutoto wake alikuwa kati ya bale balioua Jeannot, mudogo yenu.

Mwanangu, nani alishika panga ile siku? Sijui. Nimeuliza mupaka nimechoka. Nilisimama mu mulango nikiona, na sikuweza kitu, kama vile sikuweza kwa mama yenu, kama vile sasa siwezi hata kugeuka peke yangu. Zéphirin sijamusamehe; nimejaribu, moyo inakataa kabisa. Lakini alipiga makofi, na hakuna aliyemukataza. Weye ulimunyanganya mugeni maji yake. Utaenda kulima karibu na ile maji na macho gani?

Bunduki zikinyamaza, munizike karibu na mama yenu. Zikikataa, popote tu, nitaelewa. Musigombane juu ya kaburi.

Mungu abalinde. Abape batoto... bakae mahali pamoja, basikimbie kimbie. Mwansa, nimekubariki, hata na hasira yako. Clotilde, na weye.

Hapana, sitaki kunywa. Acha.

Foto iko chini ya kitanda yangu, Mwansa. Itoe. Itundike kule kwa Zéphirin, si kwangu... juu kidogo, aione akilala. Clotilde, mikono yake haina nguvu tena. Ishike yote mbili. Piga makofi pamoja naye. Polepole, mama... polepole.