Mchaga Atangulie

Khatib wa Pemba, ambaye kilele chake maishani ni mkarafuu, alikuwa ndani ya basi la kwenda stesheni ya Guangzhou, China, mkononi tiketi ya treni ya kwenda kuuona mlima Everesti, tumboni hofu tupu. Kiti cha mbele kijana alikuwa akimtambia dada aliyekaa naye: "Mchaga aogope mlima, dada Bertila? Nimezaliwa chini ya Kilimanjaro! Na huo Everesti nakwenda kuutazama tu, naondoka leo hii." Khatib akashusha pumzi. Kumbe atafuatana na Mchaga!

"Hapo pa kutazamia penyewe hewa ni nusu, kaka Elinami," alijibu Bertila. "Mwenzangu aliteremshwa midomo imemgeuka bluu, hajui hata jina lake. Kwani huo wa kwenu umeshaupanda?"

Elinami akageukia dirishani.

Basi likasimama stesheni, milango ikafunguka. Khatib akangoja Mchaga atangulie. Mchaga alikuwa bado anatazama dirishani.