Swali la Mdomo

Ndani ya basi la asubuhi, mama mshonaji alipakata chupa ya chai ya bintiye aliyelazwa, masikio kayatega kiti cha mbele. Hapo muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi alikuwa akimlalamikia mwalimu mstaafu waliyekutana humo humo.

“Kwenye usaili wa kazi tuliwauliza waombaji: mtoto kazaliwa hapumui, utafanyaje? Yule binti aliyejitolea kwetu miaka mitatu akachukua sweta langu, akalikunja likawa mtoto, akaanza kulisugua mgongo na kulipulizia pumzi. Wenzangu wakampa sifuri! Eti hatua zilitakiwa zitajwe.”

“Swali la mdomo hujibiwa kwa mdomo, dada.” Kumbe hata kustaafu hakumwachishi mtu kusahihisha.

“Haya, tukamwajiri aliyezitaja zote kama kasuku. Juzi kaletewa mtoto wa kweli. Akazitaja.”

“Atajifunza tu.”

“Kwa watoto wa nani, mwalimu?”

Basi likasimama getini kwa hospitali. Mshonaji, ambaye bintiye alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, akamdaka muuguzi mkono.

“Mwanangu, leo zamu ya nani?”

Muuguzi akaitazama ile chupa ya chai, akashuka mbio kuelekea wodini.