Théophile Kanyamibwa, Aliyeirudishia Bunduki Risasi Zake

Tunayemzika leo, Papa Théophile Kanyamibwa, alizaliwa Kibabi, teritware ya Masisi, tarehe 14 Aprili 1956, mwana wa Papa Munyakazi na Mama Thacienne, wakulima wa maharage na muhogo.

Alisoma shule ya msingi palepale, kisha mekaniki mjini Goma. Alitengeneza pampu za wachimbaji wa dhahabu kule Omate, Walikale, akaiacha kazi hiyo alipoona vijana wakizikwa bila majina. Akarudi kijijini kutengeneza majembe na baiskeli zetu.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Mama Anastasie Umugwaneza. Hakumwinulia mkono hata siku moja. Wanaume mlio hapa, mnisikie.

Mwaka 2019 nguruwe-pori walimaliza mashamba, na watu wakalala njaa. Kwa ruhusa ya chefu wa kijiji, Papa Théo alishusha darini bunduki ya kuwindia ya baba yake. Mtutu ulikuwa umeliwa na kutu, kitako na mchwa. Alisugua kwa mafuta majuma mengi, akachonga kitako kipya, akayeyusha risasi ya betri kuukuu na kuimimina katika kalibu. Lugha yetu inaiita metali ile laini risasi, na kile kinachoua pia inakiita risasi.

Aliijaribu kwenye ubao wa mkaratusi, ng'ambo ya bonde. Risasi za kwanza ziligonga kiubavu, nyingine zikapotea. Jirani yake Nsengimana akamwambia, "Papa Théo, hii bunduki yako itaua nguruwe kwa kicheko." Alicheka naye, akarudi kwenye moto, akazimimina upya, nene kidogo zaidi, zishike mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Siku iliyofuata Mama Anastasie aliweka kiganja juu ya ubao, na matundu yote yakafunikwa. Kisha Mama akasema polepole, "Papa, hii sasa watakuja kuitafuta."

Mashamba yalipona. Machi 2022 tulisikia watu wenye silaha wanakuja kuichukua bunduki, na yeye pamoja nayo, ili awe anawamiminia risasi katika kalibu. Papa Théo aliyeyusha risasi zote zilizobaki, akazimimina ndani ya mtutu mpaka ukajaa, ukaganda. Walipofika, akawapa.

"Muzee, umeiharibu?" mkubwa wao akauliza.

"Hapana. Nimeirudishia risasi zake zote."

Walimpiga kifuani kwa kitako kile alichokichonga. Wapo waliomwita mjinga. Mimi namwita mtu mzima.

Alikimbilia kambi ya wakimbizi ya Lushebere, na pumzi yake haikurudi tena sawasawa. Alifariki huko tarehe 9 Februari 2025, mkono wake mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Mama Anastasie, watoto Gaëlle, Jean-de-Dieu na Noëlla, na wajukuu.

Mama alikimbia na ubao ule wa matundu mgongoni. Ndio msalaba mnaouona kichwani pa kaburi. Sogeeni, muweke kiganja juu ya matundu yake.

Bwana aupumzishe mkono huu, uliojua kulenga na haukumlenga mtu.