Kadi ya Kinyozi

FUNDI: Haloo! Haloo, nani mwenzangu?

MWALIMU: Mwenzako mliyenyonya naye ziwa moja.

FUNDI: Aa! Mwalimu! Mdogo wangu! Mbona namba ngeni?

MWALIMU: Kwa sababu ile ya zamani hupokei. Hii umeidaka mlio wa kwanza. Ulidhani mteja.

FUNDI: Usianze, bwana. Habari za huko?

MWALIMU: Mbaya. Salamu tutapeana siku nyingine, kaka, salio langu la kubahatisha. Ile kadi mpya ya kunasia mtandao uliyoniambia ninunue, nimeiweka. Laptopu ya Baba imeikataa.

FUNDI: Imeikataaje?

MWALIMU: Nikiwasha, kioo kinakuwa cheusi, yanakuja maandishi meupe: kadi hii hairuhusiwi, zima mashine, uitoe. Basi. Haiendi mbele hairudi nyuma.

FUNDI: Umeichomeka vibaya hiyo. Zima, toa betri, fungua ule mfuniko wa chini—

MWALIMU: Uko wazi. Nimekuweka spika, mikono yote miwili iko ndani.

FUNDI: Una bisibisi?

MWALIMU: Ninayo. Ile ya Baba, yenye mpini mwekundu.

FUNDI: Safi. Sasa, kadi ina waya mbili, nyeusi na nyeupe. Zimekaa?

MWALIMU: Zimekaa.

FUNDI: Bonyeza kichwa cha kila waya kwa ukucha mpaka kialike. Taratibu, mama, usije ukakivunja.

MWALIMU: Kimealika. Na cha pili... kimealika.

FUNDI: Rudisha betri. Washa.

MWALIMU: Kaka, saa hizi ni saa saba na nusu. Saa nane kamili naitwa kwenye usaili, kwa kamera. Unajua hilo?

FUNDI: Ulinitumia ujumbe, ndiyo.

MWALIMU: Jumbe tatu. Hujaniuliza hata ni kazi gani.

FUNDI: Nilikuwa na kazi mezani mpaka shingoni, Mwalimu. Ni kazi gani?

MWALIMU: Kufundisha. Watoto walio mbali, kwa mtandao. Tangu shule yetu ifungwe hii ndiyo — subiri. Inawaka.

FUNDI: Enhee?

MWALIMU: Yale yale. Hairuhusiwi, zima, uitoe.

FUNDI: (mkwaruzo) ...orodha...

MWALIMU: Unakatika! Sema tena.

FUNDI: Nasema mashine za umri huo zina orodha yake ndani. Kadi zilizomo kwenye orodha zinakubaliwa. Isiyokuwemo, hata iwe mpya ya leo asubuhi, inafukuzwa mlangoni.

MWALIMU: Na ulijua.

FUNDI: Nilisahau.

MWALIMU: Ulisahau! Wewe kazi yako ni hiyo, kutwa kucha, halafu unanituma nikanunue kitu kisichoingia?

FUNDI: Mwalimu, kwani mashine ni moja? Zinapita mia hapa! Kichwa changu si daftari.

MWALIMU: Haya, niambie la kufanya. Simu yangu ni hii ya vitufe. Tundu za pembeni za kuchomekea vidude zimekufa zote mbili, uliniahidi utazitengeneza tangu tumalize matanga ya Baba. Mtandao wenyewe ni wa mama wa ghorofani, siwezi kuteremsha waya dirishani mwa watu. Niambie.

FUNDI: Rudisha ile kadi ya zamani.

MWALIMU: Inakatakata ile.

FUNDI: Afadhali inayokatakata kuliko isiyokuwepo.

MWALIMU: Usaili wa kwanza ilikatika mara nne. Mara nne, kaka. Naongea, nawaona wameganda midomo wazi. Nikirudi, wanatazamana. Mwisho yule mama mwenye miwani akaniambia, tutakutafutia nafasi nyingine. Nafasi yenyewe ndiyo ya leo. Ya tatu hawatoi.

FUNDI: Sogea karibu na dirisha. Mawimbi yanashuka vizuri dirishani.

MWALIMU: Siku ile hukuniambia dirisha. Ulisema tatizo ni mama wa ghorofani, ana tabia ya kupunguza mtandao akiona watu wanaufaidi.

FUNDI: Watu wengine ndivyo walivyo—

MWALIMU: Nikampandia, kaka. Nikamwita mchoyo kwenye ngazi, watu wanasikia. Mwanamke aliyenipa nywila yake bure, hakuniomba hata kibiriti. Akaibadilisha. Leo asubuhi nimekwenda kumpigia magoti anipe saa moja tu.

FUNDI: Amekupa?

MWALIMU: Amenipa. Hakunikaribisha ndani, ameniandikia kwenye karatasi pale pale mlangoni.

FUNDI: Basi ya nini kufukua makaburi? Toa hiyo mpya, weka ya zamani, dakika tano hizo. Iko wapi?

MWALIMU: Iko hapa kwenye kisosi. Ngoja...

FUNDI: Haloo?

MWALIMU: Nipo.

FUNDI: Umeiweka?

MWALIMU: Upande wa nyuma ina maandishi.

FUNDI: Ni ya kiwandani hayo, achana nayo.

MWALIMU: Kiwandani wanaandika kwa kalamu ya wino mzito?

FUNDI: Wino gani?

MWALIMU: Kiwandani wanajua Kiswahili?

FUNDI: Mwalimu, mtandao unasumbua, sikusikii viz—

MWALIMU: Unanisikia. Imeandikwa, "Mbovu. Inakatakata. Kinyozi." Na chini yake nyota. Nyota yako ile unayoichora kila mahali, tangu madaftari ya shule. Kila kifaa kibovu ukikitoa kwa mteja unakiandika ugonjwa wake na mwenyewe. Si uliniambia hivyo? Ulijisifu, fundi mwenye utaratibu.

FUNDI: Sikiliza kwanza.

MWALIMU: Kinyozi gani?

FUNDI: Nisikilize, mdogo wangu—

MWALIMU: Kinyozi wa hapa chini?

FUNDI: ...Huyo. Ilikuwa ya muda! Wallahi ilikuwa ya muda. Yule bwana alikaa kibandani kwangu tangu saa mbili, anapiga kelele, wateja wengine wanasikia. Kadi ya aina hiyo sikuwa nayo. Na mashine yako ilikuwa pale pale mezani, ulikuwa umeileta nikuwekee kibodi. Mashine zenu pacha kabisa! Nikasema nitoe nzima yako nimwekee yeye, mbovu yake niiweke kwako, Jumatatu nitapata nyingine nibadilishe—

MWALIMU: Jumatatu ya mwaka gani?

FUNDI: Kazi zikanizidi.

MWALIMU: Miezi minane. Miezi minane huyo kinyozi ananipigia muziki wa mtandaoni chini ya sakafu yangu, haukati hata neno moja, mimi niko huku juu nazungusha laptopu kama mtu anayetafuta redio. Na ukanigombanisha na jirani yangu. Ulijua ni kadi, ukaniambia ni yule mama.

FUNDI: Nilikwambia ununue mpya, si ndivyo? Ndiyo nilikuwa natengeneza mambo!

MWALIMU: Kwa gharama yangu, na haiingii. Njia ya mwongo ni fupi, kaka, ila hii yako imepita mgongoni kwangu.

FUNDI: Usiniite mwongo.

MWALIMU: Laptopu ile Baba alimpa nani?

FUNDI: Mwalimu...

MWALIMU: Alimpa nani?

FUNDI: Alikupa wewe.

MWALIMU: Mkononi. Na wewe umekaa pale kitandani, akakwambia nini?

FUNDI: (mkwaruzo) ...niitunze.

MWALIMU: Sikusikia.

FUNDI: Akaniambia niitunze! Haya, umefurahi?

MWALIMU: Sijafurahi. Saa nane kasoro robo. Nashuka kwa kinyozi.

FUNDI: Wee! Kufanya nini?

MWALIMU: Kuchukua kilicho changu. Skrubu mbili, waya mbili. Umenifundisha sasa hivi.

FUNDI: Usithubutu! Yule ana mdomo kuliko redio, mtaa mzima unakaa kwenye kile kiti chake! Akijua nimemwekea kadi iliyotoka kwa mtu mwingine nimekwisha. Nani ataniletea mashine tena? Dada, nakuomba. Jina ndilo jembe langu.

MWALIMU: Na mimi jembe langu ni lipi?

FUNDI: Usaili utapata mwingine—

MWALIMU: Rudia.

FUNDI: Sikumaanisha hivyo.

MWALIMU: Navaa viatu.

FUNDI: Ngoja! Ngoja, leo siku gani?

MWALIMU: Jumatatu.

FUNDI: (anashusha pumzi) Jumatatu kinyozi hafungui.

MWALIMU: (kiatu kinaanguka sakafuni)

FUNDI: Haloo? Mwalimu?

MWALIMU: Ndiyo maana leo pako kimya. Nilishukuru asubuhi. Nikasema Mungu ameninyamazishia muziki kwa ajili ya usaili.

FUNDI: Basi, unaona, haikuwezekana tu. Tusilaumiane kwa—

MWALIMU: Umeshusha pumzi.

FUNDI: Nani?

MWALIMU: Wewe. Nimekusikia. Dada yako amekosa njia, na wewe umeshusha pumzi.

FUNDI: Si hivyo...

MWALIMU: Ni hivyo. (sauti ya skrubu) Nairudisha. Waya nyeusi, waya nyeupe, ukucha mpaka kialike. Nimekumbuka vizuri?

FUNDI: Vizuri. Mwalimu, kaa dirishani. Zima kamera wakikuruhusu, itapunguza mzigo—

MWALIMU: Wanataka kuniona uso. Ndiyo kazi yenyewe.

FUNDI: Nitakuombea.

MWALIMU: Acha. Simu inalia pi-pi, salio linakwisha. Sikiliza. Kesho kinyozi anafungua saa tatu. Uje na bisibisi yako. Utaifungua mashine yake mbele yangu, na utamweleza mwenyewe. Ukitoka hapo unapanda kwa mama wa ghorofani.

FUNDI: Kesho nina wateja—

MWALIMU: Basi nitaongea mimi.

FUNDI: Nani atakuamini? Kwa ushahidi gani? Kadi si unairudisha ndani?

MWALIMU: Inaingia na maandishi yake, kaka. Ikitolewa na kugeuzwa tu, mwandiko wako ndio wa kwanza kuo—

FUNDI: Haloo?

FUNDI: Mwalimu?

FUNDI: Haloo!