Kichuguu cha Godefroid Nkandu

Leo tunamsindikiza Godefroid Nkandu, mtu mpole, mcheshi, na mbishi asiye na mfano. Alizaliwa mwaka 1906 karibu na Mokambo, kwa wakulima waliolima kipande cha ardhi kisha wakakiacha kipumzike miaka mingi. Nyasi zilirudi, na pamoja nazo ndezi, fuko, na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Ah, siku zile! Mtoto alitoka na jembe akarudi na kitoweo.

Alisoma misheni miaka mitatu, akabatizwa Pasaka ya 1919. Siku moja aliingia katekisimu na fuko mzima ndani ya shati. Fuko akaponyoka, wasichana wakapanda juu ya viti, na Godefroid akafagia kanisa mwezi mzima.

Mwaka 1927 aliajiriwa Élisabethville, kwenye shamba la mahindi la mzungu mmoja kando ya mto Naviundu. Aliongoza ng'ombe wa kulimia, baadaye trekta. Vichuguu virefu kuliko nyumba vilisawazishwa, vichaka vikang'olewa, mahindi yakafika hadi ukingo wa maji. Mavuno yalikuwa mazuri, hilo hakulikana. Lakini kila mwaka wanyama waliokimbia mbele ya jembe walipungua, mpaka siku moja hakukimbia hata mmoja. Jioni hiyo hakugusa bukari, ugali wake wa mahindi.

Tarehe 14 Julai 1934 alimwoa Laurentine Kapinga. Walipompata binti yao Clotilde, kisha shamba lao upande wa Ruashi, Godefroid aliacha kichuguu kimoja katikati, pamoja na nyasi zake. Mama Laurentine alitaka kupanda mihogo hapo.

"Baba Clotilde, hii kichuguu inakula shamba yetu!"

"Acha kwanza, mama. Mule iko bantu badogo banalala."

Waligombana hivyo miaka na miaka, na wajukuu wakapelekwa pale kumwona sange akichungulia mlangoni kwake. Kwingine kote walikuwa hawamwoni tena.

Kifua kilimshika mwezi wa Mei mwaka huu. Akiwa kitandani hospitalini aliomba jambo moja tu, kichuguu kisiguswe. Mama Laurentine alimrekebishia blanketi, akaenda kuchota maji. Godefroid alifariki Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1957, alfajiri.

Jana, tukiwa kilioni, mama alichukua jembe akaenda shambani peke yake. Tulimfuata mbio, tukijua anakwenda kukibomoa. Tulimkuta ameinama, akiondoa nyasi kwa jembe, njia nyembamba kukizunguka kichuguu.

"Kila mwezi wa munane alikuwa analima hii njia yeye mwenyewe, juu moto ya pori isipite," alisema. "Huu mwaka alikosa nguvu. Sasa banyama yake bangelala wapi?"

Tukashika majembe, tukalia, tukalima naye.

Ameacha mjane, Laurentine, watoto wawili, Clotilde na Jeannot, wajukuu watano, na, Padri atusamehe, wakazi wote wa kichuguu.

Lala kwa amani, baba. Njia imelimwa, moto hautafika.