Marehemu Wetu Wapite Daraja la Kẻ Sậy

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Ndugu Mkuu wa Hifadhi, wageni wote,

Sisi ajuza wa hekalu la kijiji cha Kẻ Sậy tunakukaribisha mbele ya daraja letu lenye paa la vigae. Chai ya majani mabichi ipo, tambuu na popoo vipo, jisikie uko kwenu. Sisi wenyewe leo tumeingia kwa kibali. Risala hii angeisoma mwenyekiti wetu, Bi Thoan. Alifariki juzi, na hatujui tutampitisha wapi kwenda kumzika.

HISTORIA

Makaburi yetu yako ng'ambo ya mto. Tangu enzi za mababu, mtu wa Kẻ Sậy akifa hubebwa mabegani, nasi hutangulia tumejitwika kitambaa kimoja kirefu, mmoja nyuma ya mwenzake, kiwe daraja la roho yake. Hivyo ndivyo tunavyovuka hapa. Wakati wa vita bomu lilipasua sakafu ya daraja. Bi Thoan, bi harusi wa mwaka ule, aling'oa mlango wa nyumba yake akautandika pale, akalala masika yote na mkeka umetundikwa palipokuwa na mlango. Nasi tukafuata, kila mmoja na mlango wake. Kibao cha Hifadhi kinasema sakafu hii ni "mbao za asili". Ni milango yetu.

MAFANIKIO

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hifadhi imeziba paa, imejenga choo, na ndege wa mtoni, yangeyange, wameongezeka.

CHANGAMOTO

Lango limewekwa darajani, na maiti haruhusiwi. Tuliambiwa majeneza yanachosha nguzo na ngoma za msiba zinashtua ndege. Lakini kila Jumapili maharusi wa mjini hujazana humo na wapiga picha, wapambe na vipaza sauti, na nguzo hazichoki. Ndege gani hawa, wanaopenda harusi na kuchukia matanga?

Alipofariki mzee Khoát tulifika langoni na jeneza. Mlinzi alikuwa Tuyển, mtoto wa hapa hapa.

"Nisamehe, bibi. Maiti haruhusiwi."

"Bibi yako alipita wapi, Tuyển?" akauliza Bi Thoan.

"Alipita hapa."

"Kwani alivunja nguzo?"

"Wakati ule hakukuwa na lango, bibi. Mimi nitafukuzwa kazi."

"Haya, kaa na kazi yako, mwanangu. Ila siku ukifa usitutafute."

Tukazunguka barabara kuu, katikati ya malori ya mawe. Upepo ukatupokonya kitambaa, lori likakikanyaga. Dereva akatoa kichwa: "Nyie vikongwe, ondoeni matambara yenu!" Tulikiokota kina alama za matairi, tukajitwika hivyo hivyo. Bi Thoan alilia njia nzima. Ule ulikuwa udhalilishaji, Mheshimiwa, na tunakasirika mpaka leo.

Alipougua alituonya: "Mimi msinipitishe barabarani. Afadhali mnizike jikoni."

Kisha afisa mmoja wa Hifadhi akatuletea ratiba ya leo. Imeandikwa kwamba baada ya risala, bibi wa kijiji watamwonyesha mgeni rasmi mila ya kuvusha marehemu darajani. Tukamuuliza marehemu ni nani. Akacheka. "Wala hamhitaji marehemu, bibi zangu! Mtabebewa sanduku tupu, kwenye picha litapendeza."

Kumbe sanduku tupu linaruhusiwa. Mtu wetu ndiye asiyeruhusiwa.

MAOMBI

Hatukuombi barabara wala umeme. Tunaomba marehemu wetu wapite darajani kwao, basi.

Na kuigiza hatutaigiza. Kitambaa kimefuliwa, nguo zetu za kahawia tumevaa, mila utaiona kama ratiba inavyosema. Bi Thoan ameshafika. Wanawe wamesimama naye nje ya lango tangu ulipoanza kunywa chai, na kwetu jeneza halitui chini kabla ya kuvuka. Ufunguo anao Tuyển. Ameacha kututazama sisi, anakutazama wewe.

Mbingu zikujalie umri mrefu na wajukuu wenye adabu. Na siku yako itakapofika, Mheshimiwa, upite kwenu bila kuomba kibali.

Ni sisi,
Umoja wa Ajuza Wabeba Kitambaa, Hekalu la Kẻ Sậy.
Imesomwa na Bi Nhẫm, kwa niaba ya aliyeko langoni.