Fortunata Nandonde na Droo ya Vizimba

Baba Paroko, mama yetu Sofia, ndugu, majirani na wafanyabiashara wa Kariakoo, mimi ni Augustino, kaka wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya mdogo wangu, nikikwama mnivumilie.

Fortunata alizaliwa Masasi tarehe 14 Machi 1992, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yetu, ambaye baba alipofariki alituleta Magomeni, akatulea kwa kuuza vitenge kwenye baraza za maduka ya watu Kariakoo, jua lake, mvua yake.

Alisoma Magomeni, akahitimu shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 2015, akaajiriwa na kampuni ndogo ya programu hapa mjini, akafunga ndoa na Kasmir tarehe 6 Oktoba 2018, wakajaliwa binti mmoja, Mboni, ambaye sasa ana miaka minne.

Mwaka 2023 kampuni hiyo ilipewa kazi ya kuandika programu ya droo ya kugawa vizimba vya kuuzia bidhaa katika jengo jipya la biashara, na mama alikuwa miongoni mwa walioomba. Wakati wa majaribio kompyuta huwekewa namba ya kuanzia, ili majina yatoke kwa mpangilio ule ule kila mara na makosa yaonekane, lakini siku ya droo yenyewe namba hiyo lazima iondolewe, majina yatoke kwa bahati tupu. Haikuondolewa. Mama alipata kizimba cha mbele, karibu na mlango, akalia kwa furaha, na kesho yake Fortunata akagundua kwamba mpangilio uliotoka ni ule wa majaribio, ambao ofisini ulishajulikana. Wenzake walimsihi anyamaze, akakataa, akawaeleza wenye jengo, droo ikarudiwa, na jina la mama halikutoka kabisa.

"Fortu, watu wote umewatendea haki, na mimi mama yako je?"

"Mama, ningenyamaza ningekuwa nimewaibia wenzako."

Mama akarudi barazani. Kila Jumapili Fortunata alikuja nyumbani, akasema, "Shikamoo mama," akaitikiwa, "Marahaba," basi.

Juni 2024 aligundulika kuwa na saratani ya damu, mama akaacha biashara akahamia wodini, akamwogesha, akamlisha uji, ila lile jambo hakuna aliyeligusa. Tarehe 2 Februari 2025 alipoteza fahamu, ndipo mama akamwinamia akasema, "Mwanangu, ulifanya sawa, nilikuwa na uchungu tu, nisamehe." Tarehe 4 Februari, saa tano asubuhi, Fortunata alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama, na mama ameniomba niyasome maneno hayo mbele yenu, kwa kuwa hajui kama yalisikika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, wenzake wa kazini, hata waliobishana naye, kwa kumchangia damu, na ninyi mliopata vizimba katika droo ya pili, ambao leo mmefunga biashara kuja kumzika.

Fortu, mdogo wangu, umechoka sana, pumzika sasa, pumzika kwa amani.